Babu Mkristo kwenye harusi yako

Mabibi harusi wengine ninaowashonea wanaona haya kumwalika babu yao kwa kuwa ni Mkristo. Siafiki. Bibi Asmaa binti Abubakar alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akaambiwa aunge naye udugu. Sembuse babu aliyekulea?

Wangu alikuwa seremala. Alfajiri keshashika randa. Jioni ananifichia futi yangu ya kupimia, haitoi mpaka nimpe kahawa. Ramadhani hakula mbele yetu hata siku moja, na Idi akidai mkono wa Idi kama mtoto! Kumwombea kuna mpaka wake katika dini, naujua. Kumtaja kwa wema sikukatazwa. Kwa hiyo wako aliye hai mwekee kiti cha mbele, na pilau imfikie mapema.