Kitanda Peke Yake Hakimpumulii Mgonjwa



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu na dada zetu, twakumbuka sote Ramadhani ya 2020, tuliposwali tarawehe majumbani kwa sababu ya korona. Mwaka huo wataalamu walizihesabu hospitali za Kenya wakapata vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kusaidia kupumua, katika nchi ya watu wapatao milioni 47. Kati ya kaunti 47, ni 22 tu zilizokuwa na angalau wadi moja ya namna hiyo.

Hesabu ile ilitutisha, nasi tukalilia vitanda. Lakini kitanda chahitaji oksijeni isiyokatika, umeme wa akiba, dawa, na zaidi ya yote muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo, atakayekesha na mgonjwa. Muuguzi huyo hanunuliwi siku ya msiba. Hufunzwa kwa miaka, na hudumu kazini akipewa haki yake. Tena, oksijeni ikipatikana mapema katika hospitali ndogo iliyo karibu na watu, wako wagonjwa ambao hawatafikia hali ya kuwa mahututi.

Nabii Yusuf, alayhi salaam, hakungoja njaa ifike ndipo atafute ghala. Aliweka akiba katika miaka ya neema. Kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kujiandaa. Na miaka ya neema ndiyo hii, kabla maradhi mengine hayajatufika.

Tufanye nini basi? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya bora kwa kiwango cha juu kiwezekanacho, na hospitali zetu nyingi zimo mikononi mwa kaunti. Bajeti ya kaunti inapoletwa mbele ya wananchi, mama zetu wasiwaachie wanaume peke yao. Wahudhurie, waulize: oksijeni yetu yatoka wapi? Umeme ukizimika, jenereta ina mafuta? Usiku wadi ya mahututi ina wauguzi wangapi?

Nao waliojaaliwa mali wazingatie wakfu. Wazee wetu wa pwani waliweka wakfu mashamba na visima, na thawabu zake zaendelea. Mtambo wa oksijeni, au karo ya binti anayesomea uuguzi, ni katika mlango huo huo wa sadaka isiyokatika.

Mola awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.