Simu 115 na Mama wa Kijijini

Tangu tulipopata Uhuru mwaka 1961 taifa letu limo vitani dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi. Leo simu ya mkononi imekuwa silaha katika vita hivyo. Tunaishangilia, lakini tunauliza: silaha hiyo imo mikononi mwa nani?

Aprili 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kitaifa mpango wa m-mama, uliokwisha kujaribiwa Kanda ya Ziwa. Mama mjamzito, mzazi aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipatwa na hatari, hupigwa namba 115 bila malipo. Mhudumu hupima uzito wa jambo, kisha hutuma gari la wagonjwa. Gari likiwa mbali, huitwa dereva wa jirani aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Mpango huu ni wa kheri, wala hatuna budi kuusifu.

Hata hivyo, na tuutazame mkoa wa Njombe. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Tunduma hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Mama wa mjini hapo hakosi gari. Mwenzake aliye nyuma ya milima, wakati wa masika, barabara imekuwa tope. Na simu pekee ya nyumba yake imo mfukoni mwa mume aliye safarini, au imezimika kwa kukosa umeme. Kwake yeye, 115 ni tarakimu tu.

Hapa ndipo kazi ya Chama inapoanza. Kila tawi lihakikishe namba hiyo imeandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji. Kila balozi wa shina awe na simu yenye chaji usiku kucha. Kila kijiji kiwe na madereva wawili walioandikishwa. Madiwani wasimamie barabara, na malipo ya madereva yasicheleweshwe, kwani mkono mtupu haulambwi. Nao wafanyakazi wa mashamba ya chai na viwanda vya mbao wadai, kupitia vyama vyao, gari la zamu ya usiku.

Ndugu wanachama, mambo haya hayangoji fedha za kigeni. Yaanzwe wiki hii, kwa maana mama anayetokwa damu hawezi kungoja mkutano ujao.