Usiniulize shule gani inaongoza, niulize gredi ya kwanza ina watoto wangapi

Kila Januari hapa Kakuma stori ni ile ile. Wazazi wanazunguka wakiuliza, shule gani ni nzuri? Wengi wao hawasomi Kiingereza, kwa hiyo wanatuuliza sisi vijana. Na sisi tunajibu haraka haraka: "Peleka kule, kule wanapita." Basi. Mama anawatoa watoto watatu katika shule ya karibu na kuwapeleka ng'ambo ya laga. Mvua ikinyesha na Tarach ikijaa, mkubwa anasubiri maji yapungue avuke. Yule wa miaka sita anabaki nyumbani.

Hebu tujiulize tunaposema "wanapita" tunamaanisha nini. Kwa miaka mingi tulimaanisha wastani wa KCPE, ule mtihani wa alama 500. Mtihani wenyewe umekwisha, watoto wa mwisho waliufanya 2023. Sasa gredi ya sita wanafanya KPSEA, ambayo haikuwekwa ili kuzipanga shule kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini sifa za zamani bado zinatembea mitaani. Kuna shule inaitwa nzuri kwa sababu ya vijana ambao leo wana watoto wao!

Na hata wakati ule, wastani ulikuwa unadanganya. Chukua mfano huu, namba ni zangu za kuelezea tu. Shule mbili, kila moja iliandikisha watoto 300 darasa la kwanza. Ya kwanza ilifikisha watoto 60 kwenye mtihani, na 45 kati yao wakavuka alama 250. Ya pili ilifikisha 150, wakavuka 70. Wastani wa ya kwanza ungekuwa juu, na wazazi wangeikimbilia. Lakini ni ya pili iliyotoa watoto 70 kutoka kwa wale 300. Wale 240 wa shule ya kwanza walienda wapi? Wengine walihama, wengine waliolewa, wengine wako sokoni wanasukuma mkokoteni. Wastani hauwahesabu. Na wote tunajua kuna mahali ambapo mtoto dhaifu aliambiwa arudie darasa ili asishushe jina la shule.

Kitu kingine. Shule iliyo karibu na kituo cha mapokezi inapokea wageni mwaka mzima. Mtoto ametoka Congo akisoma kwa Kifaransa, ana miaka 13, anawekwa na watoto wa miaka minane mpaka Kiingereza kikae. Mwingine ametoka Sudan Kusini, hajakaa darasani miaka miwili. Ukiilinganisha shule hiyo na ile ya bweni inayochagua wanafunzi, unalinganisha nini hasa? Mimi namheshimu zaidi mwalimu wa ile ya kwanza.

Pia kuna wanaosema za Kalobeyei ni bora kwa sababu ni mpya. Ni kweli, Kalobeyei ilianza 2016 na ilipangwa tangu mwanzo kwamba mkimbizi na Mturkana wasome pamoja, jambo ambalo mimi naliunga mkono kabisa. Lakini jengo halifundishi. Darasa la mabati ni darasa la mabati, na saa tano asubuhi Turkana inaungua kule kama inavyoungua huku.

Mimi nikitaka kujua shule, naenda gredi ya kwanza. Sio ofisini, sio ubaoni kwenye picha za waliofaulu. Kiwango ambacho mashirika yenyewe huandika ni watoto 40 kwa mwalimu mmoja. Humu kambini madarasa ya chini yanapita 100, na mara nyingi anayesimama mbele ni mwalimu wa insentivu, yaani mkimbizi mwenzetu aliyemaliza sekondari na kupewa posho. Simlaumu hata kidogo. Nauliza tu: katika shule mbili zilizo umbali wa nusu saa kwa miguu, kwa nini mmoja ana watoto 70 na mwenzake 140? Jibu moja ni sisi na ile "peleka kule" yetu. Shule yenye jina inafurika hadi watoto wanakaa chini, na ile iliyokimbiwa inapoteza wazazi wasumbufu, wale wanaofuata mambo ofisini. Mnanipata?

Sasa ndugu zetu wa mashirika, hapa ndipo nawageukia. Namba hizi mnazo. Kila muhula zinakusanywa shule kwa shule, zinaingia kwenye ripoti, zinaenda Nairobi na mbali zaidi. Mzazi wa Kakuma 3 hazioni. Nimewahi kumwuliza mfanyakazi mmoja, akaniambia zikitoka wazazi watakimbia shule dhaifu. Kaka, wameshakimbia! Wanakimbia kwa kufuata uvumi wetu.

Bandikeni getini, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za mtaa husika: watoto wangapi gredi ya kwanza, walimu wangapi, wangapi kati yao wamesomea ualimu, vyoo vya wasichana vingapi, na kati ya walioanza gredi ya kwanza wangapi wamefika ya sita. Wastani wekeni wa mwisho, mkitaka.

Na sisi tusisubiri. Kila shule ina angalau kijana mmoja wa kundi letu anayeishi karibu nayo. Aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, aingie gredi ya kwanza Jumanne moja (Jumatatu na Ijumaa wengi hawaji) ahesabu vichwa na madawati. Tufanye kabla muhula huu haujafungwa, ili Januari mama akituuliza tuwe na daftari mkononi.