Neno la Mhariri: Mkubwa Anawe Kwanza

Mwanafunzi wa uuguzi anajua kunawa mikono. Muulize yeyote wa mwaka wa kwanza, atakutajia hatua zote bila kufungua daftari: kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, katikati ya vidole, gumba, ncha za kucha. Atakuambia kuwa maji na sabuni vinataka sekunde 40 hadi 60, na vitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Kwenye mtihani wa vitendo atafanya yote hayo mbele ya mkufunzi na kupata alama zake. Lakini mpeleke huyo huyo wodini, umtazame miezi michache baadaye akiwa hajui kama anatazamwa. Mara nyingi utamwona akitoka kitanda hiki kwenda kile, mikono yake haijaonja maji wala kitakasa.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya jambo hilo, na msimamo wetu tunautangaza tangu ukurasa huu wa kwanza. Darasa lilimfundisha mwanafunzi kunawa. Wodi ndiyo iliyomfundisha kuacha. Kwa hiyo wa kuulizwa kwanza ni sisi tulio juu yake: wauguzi wa zamu, madaktari, wakufunzi na wote wanaoidhinisha fedha za kununulia sabuni.

Kwetu Katavi suala hili haliwezi kungoja. Mwaka 2012, mkoa ulipoanzishwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, sensa ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Watu wameongezeka zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote. Wodi za wazazi zinajaa, wauguzi hawatoshi, na mwanafunzi aliye kwenye mazoezi anageuka kuwa mtu wa kutegemewa. Yeye ndiye anayempokea mama, anayempima joto, anayemfunika kichanga ambaye kitovu chake bado ni kidonda kibichi. Nchini kwetu, kwa takwimu za 2022, watoto 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Maambukizi ni miongoni mwa sababu kuu tatu za vifo hivyo, pamoja na kuzaliwa njiti na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Historia ya somo hili ilianza na wanafunzi. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kuwa wodi ya wazazi iliyokuwa na wanafunzi wa udaktari ilipoteza akina mama wengi zaidi kuliko wodi ya jirani iliyokuwa na wanafunzi wa ukunga. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kupima wajawazito. Mwezi Aprili mwaka huo walifariki zaidi ya akina mama 18 katika kila 100. Katikati ya Mei Semmelweis akaagiza kila mtu anawe kwa maji ya klorini kabla ya kuingia, na mwezi Juni vifo vikashuka hadi kama 2 katika kila 100. Jambo moja husahaulika katika simulizi hii. Vijana wale hawakujiamulia kutoka chumba cha maiti na mikono michafu. Walikuwa wakifuata walimu wao, na walimu nao walifanya vivyo hivyo.

Karibu na zama zetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia hospitali moja ya Chicago iliyohamia jengo jipya lenye masinki mengi zaidi. Ilitarajiwa kunawa kungeongezeka. Kukashuka, kutoka asilimia 53 ya nafasi zilizohitaji kunawa hadi asilimia 23. Watafiti waligundua pia kwamba mhudumu aliyeingia chumbani na mwenzake au mkubwa wake asiyenawa, mara nyingi naye hakunawa. Wahenga wetu walishalisema: mwana hutazama kisogo cha nina.

Sasa tuitazame wodi yenyewe. Mtoto ana malaria kali, na mwanafunzi ametumwa kumwekea kanula. Ananawa vizuri. Anafika kitandani, chandarua kimeshuka, anakisogeza. Anavuta kitanda kidogo apate mwanga. Anamgeuza mtoto, anachukua pamba, anasafisha ngozi, kisha anagusa tena kwa kidole pale pale aliposafisha ili auhisi mshipa, halafu anachoma. Ukimuuliza kama alinawa, atasema ndiyo, na hasemi uongo. Lakini mikono iliyooshwa ilikwisha kupita kwenye chandarua na chuma cha kitanda, na ile iliyougusa mshipa haikuwa tena mikono safi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likazungumzia nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka.

Katika nyakati hizo tano, wahudumu wa afya duniani kote hushika zaidi zile za baada kuliko zile za kabla. Kunawa baada kunamlinda mhudumu na familia yake. Kunawa kabla kunamlinda mgonjwa. Ukitaka kujua mwanafunzi amefunzwa uuguzi au amefunzwa kujihami tu, angalia anavyofanya kabla ya kumgusa mgonjwa.

Glavu nazo zimetuzoesha vibaya. Kuna anayevaa jozi moja akahudumia vitanda vitatu, na kuna anayezivua akaona kazi imekwisha. Glavu hutoboka bila kuonekana, na mkono huchafuka wakati wa kuivua. Tuseme pia juu ya lile taulo moja linaloning'inia karibu na sinki tangu asubuhi. Kila anayenawa anajifutia hilo, na kila anayejifutia anachukua alichoacha mwenzake. Mikono ikaushwe kwa karatasi au kitambaa cha mtu mmoja, na visipokuwepo, iachwe ikauke kwa hewa.

Hatusemi kwamba mfano mwema unaziba pengo la maji. Kiangazi mabomba hukauka, na zipo zahanati ambako maji huja kwa ndoo. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa karibu nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi wa mikono. Lakini zipo njia zilizo ndani ya uwezo wetu. Ndoo yenye koki na beseni chini yake inatoa maji tiririka, na kibuyu chirizi kinatosha nje ya choo. Kitakasa mikono kinaweza kutengenezwa kwenye famasi ya hospitali kwa kanuni iliyotolewa wazi na Shirika la Afya Duniani: alkoholi, haidrojeni peroksaidi, gliserini, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa zikae pale mgonjwa alipo, juu ya toroli na kando ya kitanda, zisifungiwe kabatini kwa kuogopa zitaisha. Na mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa anaharisha, ni maji na sabuni.

Ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera Machi 2023, watu sita walipoteza maisha, na miongoni mwao alikuwemo mhudumu wa afya. Wakati kama ule kila mtu hunawa. Tunachotaka ni mazoea yanayodumu hata siku ambayo hakuna tangazo la mlipuko redioni.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, wakufunzi wamtathmini mwanafunzi akiwa wodini katika zamu ya kawaida, wahesabu nyakati alizozishika na alizoziruka, kisha wamrudishie majibu siku hiyo hiyo. La pili, viongozi wa hospitali na vituo waihesabu sabuni na kitakasa pamoja na dawa, ili kuisha kwake kuwe dharura kama kuisha kwa dawa ya malaria. La tatu, wodi ikubali mkubwa kukumbushwa. Kwa malezi yetu ni vigumu kijana kumkosoa mtu mzima, na hilo tunalijua. Lakini mwanafunzi akisema kwa adabu, “Samahani Sista, kitakasa hiki hapa,” jibu linalofaa ni moja tu: “Ahsante mwanangu,” kisha mikono inyooshwe. Sista akijibu hivyo mara moja, wanafunzi wote waliosimama pale wamepata somo lisilopatikana darasani.

Kwenu wanafunzi, kateni kucha, vueni pete na bangili kabla ya zamu, na msimwige anayeruka kunawa, hata awe na miaka mingapi kazini. Wa kuigwa tunaye: Karema, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, daktari na katekista, aliwahudumia watu tangu 1889 alipofika hadi alipofariki mwaka 1956. Majengo na dawa vilikuwa vichache, na watu walimjia kwa kumwamini yeye. Imani ya namna hiyo bado mgonjwa wa Katavi anatukabidhi kila anaponyoosha mkono achomwe sindano.

Kwenu wauguzi wakuu, madaktari na wakufunzi, mafunzo haya hayahitaji semina wala posho. Zamu ya kesho asubuhi, kabla ya kumfikia mgonjwa wa kwanza, simameni mbele ya wanafunzi na mnawe.