MAZUNGUMZO YA JUMA: Mama Muuza Muhogo wa Mama Ngina

Wasomaji wetu wa mashamba ya mbali ambao hawajafika Mombasa, bila shaka wamelisikia jina la Mama Ngina. Ni barabara ipitayo ukingoni mwa kisiwa, upande wa kusini, ambayo zamani iliitwa Azania Drive. Nayo yaufuata mlango wa bahari ambao meli huupitia ziingiapo Kilindini. Jua likipungua ukali, watu hutoka Mji wa Kale, Majengo na kwingineko, wakaja kukaa chini ya mibuyu kupunga upepo. Na apungaye upepo hana budi kutafuna kitu.

Kitu chenyewe aghalabu ni muhogo. Yuko mchuuzi mmoja hapo ambaye jina lake halina haja ya kutajwa, maana hata wateja wake humwita Mama tu. Karani atokaye kazini na tai yake shingoni hungoja zamu sawasawa na mtoto aliyetumwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pilipili nyingi au kiasi?"

Maneno hayo ni machache, lakini kazi iliyoyatangulia ilianza kabla ya alfajiri, katika soko la Kongowea. Muhogo hauna subira kama mahindi. Ukishang'olewa, baada ya siku mbili tatu huanza kuingia weusi ndani, hata kama ganda lake ni zuri. Kwa hiyo Mama hanunui kwa macho. Huvunja ncha akatazama, tena huonja. Autakao ni ule mtamu, kama kibandameno, unaopendwa sana Pwani. Muhogo mchungu una sumu, na kuuchoma tu hakutoshi kuiondoa.

Kisha humenya, huosha na kupanga juu ya makaa, akigeuza polepole. Hachomi mwingi kwa mara moja, kwa sababu muhogo ukipoa hukakamaa na hauna mnunuzi. Mteja akifika, hupasuliwa kipande chake, kikasuguliwa kwa nusu ya ndimu iliyochovywa katika chumvi na pilipili. Kando yake liko karai la kachiri, na mafuta yake ndiyo yanayokula fedha kupita makaa. Makarani watapenda kujua hesabu yake anaiwekaje: fedha ya muhogo wa kesho hufungwa katika pindo la leso mbali na nyingine, na pindo hilo halifunguliwi hata akitokea mgeni nyumbani.

Lakini ziko siku ambazo hapakuwa na cha kufunga. Mwaka 2019 Serikali iliitengeneza upya bustani ya Mama Ngina, na wachuuzi wakapisha ujenzi. Ilifunguliwa Oktoba mwaka huo, katika Sikukuu ya Mashujaa. Pamependeza, hilo hatukatai, ila anayekula kwa kuuza leo hawezi kula bustani ya miezi ijayo. Hata mwaka haujapita, ukaja ugonjwa wa korona. Tangu tarehe 27 Machi 2020 watu walikatazwa kutoka baada ya saa moja jioni, yaani saa ile ile biashara yake inapochangamka. Mwezi wa Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa.

Amri ya kutotoka usiku iliondolewa Oktoba 2021, na moshi wa makaa ukarudi. Siku hizi adui wake yumo ndani ya muhogo wenyewe: mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo, ambayo moto hauyalainishi. Wataalamu waliueleza ugonjwa huu mwaka 1936 katika Tanganyika, nao huuita michirizi ya kahawia. Inzi weupe huueneza, na mkulima naye huueneza pasipo kujua anapokata vipando katika shina linaloumwa, kwa kuwa pengine majani hubaki mabichi na shina likaonekana zima.

Basi nyinyi wakulima wa Kilifi na Kwale, kabla ya kukata vipando, ng'oeni kwanza mizizi ya shina hilo mkaipasue. Mama wa Mama Ngina hafanyi zaidi ya hayo. Wenye mabaka humtupia mbuzi wa jirani, na hasara ni yake, kwani mchukuzi aliyemuuzia kiroba kile amekwisha kuvuka daraja la Nyali zamani.