Kijana Anapotaka Kujiundia Kompyuta ya Michezo

Mzee mmoja wa upande wa Kahama alinijia na karatasi mkononi. Mwanawe alimaliza kidato cha nne, sasa anafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Ameweka akiba ya miezi saba, naye ataka kujiundia kompyuta ya kuchezea michezo. Mzee aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, huu si upuuzi?"

Nilimjibu kwamba si upuuzi. Mpira wa kwenye kompyuta haumdhuru kijana kuliko bao la chini ya mwembe, mradi kazi ya mchana imekwisha. Tena kijana anayechagua vipande mwenyewe, akapima umeme wake na kufunga skrubu kwa mkono wake, anajifunza kitu ambacho kesho watu watamlipa kwacho. Mashine ile ile huchapa barua na kuweka hesabu za mpunga. Nilichokiona kibaya ni ile karatasi. Iliandikwa hivi: kompyuta ya mtumba ya Dell, ile nyembamba, kadi ya picha RX 580, ramu, na taa za rangi za kupamba ndani. Basi. Vitu hivyo havikai nyumba moja, na akiba ya miezi saba ingeliteketea siku ya kwanza.

Kwa wale ambao hawajaona tumbo la kompyuta, nitaeleza kwa kifupi. Prosesa ndiyo inayofikiri. Kadi ya picha ndiyo inayochora, na katika michezo kazi kubwa ni kuchora. Ramu ni meza ya kazi, na diski ni ghala. Mazabodi ni ubao unaowaunganisha wote. Halafu kuna kisanduku cha chuma chenye feni, nyuma kabisa, mafundi hukiita paua saplai. Hicho hupokea umeme wa ukutani na kuwagawia wengine wote chakula. Vijana hukisahau kwa sababu hakionekani mchezoni. Lakini kikiwa dhaifu wote wanalala njaa, na kikiungua huweza kuunguza na wenzake.

Tufanye hesabu pamoja. Kompyuta nyingi za ofisi zinazotufikia kama mtumba, mfano Dell OptiPlex 9020 iliyotoka mwaka 2013, zina maumbo zaidi ya moja kwa jina lile lile. Ile nyembamba ina paua saplai ya wati 255; ile pana ya kusimama ina ya wati 290. Prosesa yake, tuseme Core i5-4590, imepimwa wati 84. Mazabodi, diski na feni, tuviwekee wati 40. Kadi ya RX 580 peke yake hula wati 185. Jumla ni wati 309. Hapo mashine nyembamba imekwisha kushindwa, na ile pana nayo imeshindwa.

Tena si wati tu. Mashine nyembamba haipokei kadi ya kimo cha kawaida. Huingia zile fupi za nusu kimo tu. Na RX 580 huhitaji waya wake maalum wa umeme kutoka paua saplai, waya ambao mashine hizi za ofisi hazina. Kijana wetu angefika nyumbani na kadi yake nzuri ndani ya boksi, akaizungusha huku na huku, isiingie.

Huenda mtu akasema, si abadilishe paua saplai? Ni neno jema, lakini lina mtego. Kompyuta ya kuunda kwa vipande vya kawaida hutumia plagi ya mazabodi yenye pini 24. Dell hii ina plagi ya pini 8 ya namna yake yenyewe, na HP za miaka ile nazo zina namna yao. Itakupasa kutafuta waya wa kuunganishia, na katika mashine nyembamba hata nafasi ya kuweka paua saplai ya kawaida haipo.

Basi afanyeje mwenye fedha ndogo? Mimi naona njia ni mbili.

Njia ya kwanza, na kwa wengi wetu ndiyo njia yenyewe, ni kuchukua mashine pana ya ofisi na kuitilia kadi isiyohitaji waya wa ziada. Mlango wa kadi kwenye mazabodi hutoa mwenyewe umeme hadi wati 75, na zipo kadi zilizotengenezwa zitosheke na hizo. Ijulikanayo zaidi ni GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye kumbukumbu ya GB 4. Rudia hesabu: 84 na 40 na 75 ni 199. Katika 290 imebaki nafasi ya kupumua. Lakini tazama kwa macho, maana viwanda vingine viliitoa kadi hiyo hiyo ikiwa na tundu la waya. Wewe taka ile isiyo na tundu. Kama fedha haifiki hapo, ipo GTX 750 Ti ya mwaka 2014, ya wati 60. Ni mzee, lakini mpira wa zamani kidogo huchezeka.

Njia ya pili ni kununua vipande vipya kimoja kimoja. Hapo ningemshauri mtu asianze na kadi ya picha hata kidogo. Kuna prosesa zilizobeba mchoraji ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, ya wati 65. Michezo mingi huchezeka nayo kwa kiasi, na akiba ikikua kadi huongezwa baadaye. Gharama ya mwanzo huzidi ya mtumba, lakini utakuwa na paua saplai ya kawaida na kasha la kawaida, na kila kipande kitakuja kubadilishwa bila kutupa vingine.

Katika njia hii ya pili, paua saplai usiinunue kwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Zipo zinazojiita wati 500, nazo ni nyepesi kama kopo tupu. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni, tafuta mstari wa volti 12, kisha zidisha 12 kwa ampia zake. Ukikuta ampia 16, hizo ni wati 192, na hiyo 500 ni maneno ya sokoni. Kisha tazama nyuma: ukiona swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230, hakikisha imekaa 230 kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa imeachwa 115, mlipuko utausikia hata jirani.

Sasa nije kwa habari ya kadi za mtumba, maana hapa watu wa Geita watanielewa upesi. Duniani wapo watu waliotumia kadi za picha kuchimba fedha za mtandaoni, mchana na usiku bila kuzima. Tarehe 15 Septemba 2022 fedha iitwayo Ethereum iliacha njia hiyo ya uchimbaji, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni, hizo RX 580 zikiwamo. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimechoka na dawa ya kupoza iliyopakwa ndani imekauka. Mnunuzi aiwashe dukani na mchezo mzito kwa nusu saa. Ikipiga kelele kama karasha, au picha ikatoka madoa ya rangi, airudishe palepale.

Kubaya zaidi ni kadi bandia. Walaghai huchukua kadi ya zamani sana, wakaiandika ndani jina la kadi mpya, hata kompyuta yenyewe ikadanganyika na kuonyesha jina hilo. Hapa kwetu hakuna anayenunua dhahabu kwa rangi yake tu, huipima. Kadi nayo ina kipimo. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 hutambua nyingi katika hizo bandia na kuziandika hivyo mbele ya jina. Kijana aende nayo dukani katika flashi. Mwuzaji akikataa isifunguliwe, jibu amekwisha kulipata.

Ramu, GB 8 ndicho kiasi cha kuanzia na 16 ni raha. Heri vipande viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, maana viwili hufanya kazi kwa pamoja kama maksai wawili katika jembe moja, na ile prosesa yenye mchoraji ndani huwategemea sana. Ramu ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Usilazimishe, pengo lake liko mahali pengine. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya ramu ilipanda sana duniani, kwa sababu wenye mashine za akili mnemba walizichukua kwa wingi. Kwa hiyo mashine ya mtumba iliyo na ramu yake ndani ni faida, usiidharau. Diski iwe ya SSD. Ile ya zamani inayozunguka ibaki kuwa ghala la pili.

Kuna jambo la Windows nalo. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa sheria zake haizipokei prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Ile Dell ya mwaka 2013 iko nje. Kwa mchezo usiohitaji mtandao haina neno, bali mtu asiifanyie mambo ya benki. Mwenye uwezo wa kuongeza kidogo atafute mashine ya mwaka 2018 yenye Core i5-8500. Ina viini sita badala ya vinne, na Windows 11 inaikubali.

Na michezo yenyewe ina uzito. GTA V ya mwaka 2015 yataka nafasi ya zaidi ya GB 70 katika diski. Kwa bando la simu, hiyo ni fedha ya kununulia kipande kingine cha kompyuta. Tena wazazi mjue kwamba huko Ulaya mchezo huo umepangwa kuwa wa watu wa miaka 18 na kuendelea, na mwenye wadogo zake nyumbani asiuache wazi.

Skrini, kama runinga bapa ipo sebuleni na ina tundu la HDMI, itatosha kwa kuanzia. Itabidi tu kijana apatane na baba yake juu ya saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari.

Lililobaki ni umeme wa nyumbani, nami nalihesabu kuwa sehemu ya kompyuta kama ramu ilivyo. Anayekaa karibu na makarasha ajua jinsi taa zinavyofifia mota kubwa inapoanza kuzunguka, kisha zinarudi kwa nguvu. Huko stabilaiza si anasa. Fedha ya zile taa za rangi iende huko. UPS ndogo nayo yafaa, ila ni ya kupata dakika za kuzima kwa amani, si ya kuendelea kucheza gizani. Ukigusa kasha la chuma likakuuma vidole, nyumba haina ethi, au ethi yake imekatika. Mwite fundi wa umeme, na watoto wasilikaribie pekupeku mpaka itengenezwe. Wingu la radi likitanda, chomoa waya ukutani, maana swichi haitoshi.

Mzee aliuliza habari za LUKU pia. Mashine ya wati 200 ikichezwa saa nne kila siku hula uniti 24 kwa mwezi. Kikomo cha mtumiaji mdogo ni uniti 75, kwa hiyo karibu thuluthi moja itakwenda kwenye mchezo. Afadhali wapatane mapema nani ataongeza uniti.

Vumbi letu la kiangazi huziba feni upesi. Usiiweke mashine sakafuni. Mara moja kwa mwezi ifungue ikiwa imechomolewa, ipulize kwa pampu ya baiskeli, na uishike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza.

Yule kijana alifuta RX 580 na zile taa, akaandika mashine pana na kadi ya wati 75. Fedha iliyobaki itanunua stabilaiza. Anayefuata mzigo wake Mwanza au Dar es Salaam adai risiti yenye namba ya kadi na siku za dhamana. Kisha kadi ichomolewe kabla ya safari. Ikiachwa ndani ya mashine, mitikisiko ya basi huitingisha mpaka ikavunja mlango wake kwenye mazabodi. Iwekwe katika boksi lake, na abiria aipakate, wala asimpe kondakta aiweke kwenye buti.