Kiti cha Mgeni, Kichwa cha Mpagazi

Wako watu wanaomshauri mgeni aendaye kupanda Kilimanjaro achukue kiti kikubwa chenye mikono, kwa hoja kwamba hatakibeba yeye. Hoja hiyo naipinga. Wahenga walikwisha kuijua tabia hii waliposema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tufanye hesabu. Kiti cha kukunja cha chuma, chenye mikono, huweza kufika kilo 4. Wageni 10, kilo 40. Kanuni za hifadhi hazimruhusu mpagazi kubeba mzigo unaozidi kilo 20. Basi watu wazima wawili watapanda hadi kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, wamejitwika viti vitupu! Viti vya alumini na kitambaa, vyenye nusu kilo kila kimoja, vyote 10 ni kilo 5 tu.

Nitaambiwa viti vizito huleta ajira. Ajira ni kuongeza mpagazi, si kumwongezea mzigo yule yule.

Nakubali kwamba kiti chepesi kina kasoro zake. Ni cha chini, na mzee huinuka kwa taabu. Miguu yake myembamba huzama katika udongo laini. Kwa hiyo kikalie dukani kabla ya kulipa, uinuke bila kushikwa mkono, utazame na nyayo zake. Kisha kiweke juu ya mizani. Asiyekuwa tayari kukibeba mwenyewe walau siku moja, asikinunue.